Harufu ya moshi katika kilo moja ya kakao

Hadi mwaka 2019 nilikuwa muuzaji wa maharage na unga pale Birere, hapa Goma, na kakao niliijua kama zao la watu wa Beni ambalo hupakiwa kwenye malori, huvuka mpaka wa Kasindi na kutokomea Uganda. Binamu yangu aliyeolewa Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, ndiye aliyenishawishi kwamba kakao hiyo ingeweza kuuzwa moja kwa moja kwa watengenezaji wa chokoleti wa Ulaya, badala ya kupita mikononi mwa wanunuzi wanne kabla ya kufika bandarini.

Sampuli yangu ya kwanza, kilo moja tu, ilikwenda kwa mnunuzi mmoja wa Ubelgiji. Jibu lake lilikuwa na mistari mitatu: mbegu nyingi zilikuwa bado zambarau ndani, zilinuka moshi, na hakuwa na haja nazo. Nilikasirika, nikadhani anatafuta sababu ya kushusha bei. Binamu yangu hakubishana nami. Aliketi kwenye benchi, akahesabu mbegu mia moja kutoka mfuko uleule, akaanza kuzipasua kwa urefu kwa kisu cha jikoni, moja baada ya nyingine. Zenye rangi ya kahawia aliziweka kushoto na za zambarau kulia, na rundo la kulia likawa kubwa kuliko la kushoto. Halafu akanisogezea kiganja puani. Moshi ulikuwepo, tena ni ule ninaoujua tangu utotoni, wa uchaga ulio juu ya mafiga, kwa sababu msimu wa mvua akina mama walikuwa wanaingiza kakao jikoni ili ikauke.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba biashara yangu haikuwa ya kusafirisha, bali ya kuvundika. Mbegu ya kakao hutoka kwenye tunda ikiwa imefunikwa na ute mweupe, mtamu. Ikirundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba, sukari ya ule ute hugeuka kuwa pombe, kisha siki, joto hupanda hadi karibu na nyuzi 50, kiini hufa, na ndani ya siku tano hadi saba zambarau hugeuka kahawia na uchungu hupungua. Wakulima walijua hayo yote. Lakini walikuwa wakiacha mbegu mifukoni usiku mbili tu, kwa sababu mzigo ukilala nyumbani unaweza kuibwa, na kwa sababu mnunuzi wa barabarani alikuwa akilipa bei moja kwa kakao nzuri na mbaya. Kwa nini mtu asubiri siku sita bila malipo ya ziada?

Tuliamua kununua mbegu mbichi na kuzivundika mahali pamoja, katika masanduku ya mbao yaliyotobolewa chini ili maji yachuruzike, tukizihamisha kutoka sanduku moja hadi jingine kila baada ya siku mbili. Msimu wa kwanza nilikula hasara ambayo hadi leo inanitia aibu. Nilipanga bei nikidhani kilo mia za mbegu mbichi zitatoa kilo hamsini kavu. Zilitoa thelathini na nane. Mtaji wote wa Birere uliishia hapo, na nikaanza upya kwa pesa za likelemba, yaani mchango wa kupeana zamu, ya akina mama wenzangu wa soko, kwani benki haikutaka hata kusikia neno kakao.

Kulikuwa na pingamizi jingine, lililotoka kwa mzee mmoja katika mkutano wetu wa kwanza na wakulima. “Mama, ukianza kununua mbichi, mwizi atavuna shamba langu usiku na kukuuzia asubuhi.” Alisema kweli. Tukafungua daftari: kila mkulima aliyejiunga nasi kama mwanachama alipewa namba, tukatembelea shamba lake na kuhesabu miti yake, na aliyeleta kupita uwezo wa miti hiyo aliulizwa mbele ya wenzake. Kazi hiyo ilichukua miezi, tena katika kipindi ambacho mashambulizi yaliwafanya watu waogope kwenda mashambani. Sikujua kwamba daftari lile lingenisaidia baadaye, Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwaka 2023 sheria inayodai kujua kila kakao imetoka shamba gani, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake uliahirishwa, lakini wanunuzi walianza kuuliza mapema. Kwa shamba lisilozidi hekta nne inatosha nukta moja ya ramani, ambayo simu janja ya kawaida inaichukua.

Kukausha tulikuhamishia kwenye meza zilizoinuliwa, chini ya paa la shitingi ing’aayo, mbali na jiko lolote. Unyevu unatakiwa kushuka hadi asilimia 7 au zaidi kidogo. Kabla hatujapata kipimo, tulifinya mbegu kiganjani na kusikiliza kama zinalia.

Kuhusu karatasi sitasema mengi: ONAPAC, ofisi ya serikali ya mazao ya kilimo, OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili, forodha. Ukizianza mapema zinapatikana, ingawa vizuizi vya njiani vina ada zao ambazo hazina risiti. Barabara ya Goma kwenda Butembo ilipofungwa na vita mwaka 2022, nilikuwa nikienda Beni kwa ndege. Kontena letu la kwanza liliondoka mwaka 2023, magunia 200 ya kilo 62.5, yaani tani 12 na nusu, likapitia Kasindi na Kampala hadi Mombasa. Tulilifunika kuta zote kwa karatasi nene ya kahawia, maana kontena linalotoka kwenye joto kwenda kwenye baridi hutoka jasho ndani, na tone moja linalodondokea gunia laweza kuanzisha ukungu.

Nilidhani magumu yameisha, kumbe bei nzuri ndiyo iliyokaribia kutuvunja. Mavuno ya Kodivaa na Ghana yalipopungua, tani moja ilivuka dola 10,000 kwenye soko la New York mnamo Machi 2024, na wafanyabiashara wakaja Mutwanga na mabulungutu ya pesa, wakichukua chochote, hata mbegu za usiku mbili. Kati ya wanachama 64, tulipoteza 23. Sikuwalaumu, mtoto akifukuzwa shule kwa karo, mama hangoji siku sita. Nilichoweza kufanya ni kutuma bei ya New York kwa WhatsApp kila Ijumaa, bila kuficha, na kulipa mara mbili, sehemu kubwa siku ya kupokea na nyongeza baada ya kuuza. Wengine walinihimiza nihamie vanila, lakini ua lake hufunguka asubuhi moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono, na wezi wake ni wakali kuliko wa kakao.

Benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita Januari 2025, tulihamishia malipo Butembo, na mimi nikaanza kuzunguka kupitia Uganda ili kufika Mutwanga. Mwaka huohuo bei ilishuka. Mama mmoja kati ya wale walioondoka alifika na mfuko wa kakao aliyoikausha nyumbani, akauliza, “Dada, bado mnapasua?” Tulipasua mia moja mbele yake, hamsini na mbili zikawa zambarau. Mfuko hatukuuchukua. Lakini namba yake ya zamani, 17, haikuwa imepewa mtu mwingine, nikamwambia alete mbichi Jumanne.