Dawa zilizolala katika udongo wa Tabora
Mvua za kwanza zinapolowesha vumbi la Tabora, harufu inayopanda hutokana kwa sehemu kubwa na jeosmini, kemikali inayotengenezwa hasa na bakteria wa jamii ya Streptomyces, ambao ndio waliotupatia streptomisini, antibiotiki (dawa ya kuua bakteria), mwaka 1943. Kinachonivutia zaidi ni mpangilio wa jeni zao: zile zinazounda antibiotiki moja hukaa pamoja kwenye kromosomu (uzi wa DNA unaobeba jeni), mara nyingi zikiandamana na jeni inayomkinga bakteria asiuawe na sumu yake mwenyewe. Jenomu, yaani jumla ya jeni zote, ya spishi moja ya jamii hiyo, Streptomyces coelicolor, iliyochapishwa mwaka 2002, ilifichua zaidi ya vikundi 20 vya jeni za kemikali za namna hii, ilhali kemikali zake zilizokuwa zikijulikana, kama aktinorodini yenye rangi ya buluu, zilikuwa chache tu. Vikundi vingi hubaki kimya maabarani, yaani havitengenezi kemikali zake, na kuviamsha ndiyo kazi ninayoiona ya maana zaidi.