Tokeni tatu za Tandika

Simu iliingia saa tatu na nusu usiku, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mishahara imetoka, mji mzima unanunua umeme. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba haraka haraka, kisha: "Mwanangu, salio langu limekwenda wapi?" Alikuwa wakala wetu wa Tandika.

Ilikuwa 2015, nina mwaka mmoja tu kazini, kwenye kampuni ndogo ya Dar es Salaam iliyouza tokeni za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kupitia mawakala. Kipande kinachoomba tokeni nilikiandika mimi. Jibu lisiporudi ndani ya sekunde 30, programu inaomba tena, hadi mara tatu. Niliona nimefanya la busara, maana mtandao wa Bongo unaujua.

Usiku ule mtandao haukukatika. Ulikuwa mzito tu. Maombi yote matatu yalifika na kuhudumiwa, majibu ndiyo yaliyochelewa njiani. Mteja wa yule mama alilipa shilingi 20,000, salio la mama likakatwa 60,000, na mteja akiwa ameshafika kwake zikamwingia meseji tatu, kila moja na tokeni yake ya tarakimu 20. Akaziingiza zote. Nani asingeingiza?

Kufika saa sita nilikuwa nimezima huduma nzima. Nilikaa sebuleni kwenye mwanga wa kompyuta, orodha ya mawakala waliokatwa mara mbili na mara tatu imejaa skrini.

Kilichoniuma zaidi ni mita. Kila tokeni hubeba alama ya dakika, wakati ule zikihesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na mita huzikumbuka alama hizo: ukiingiza tokeni ileile mara ya pili, inakataa. (Hesabu hiyo ilikuwa na nafasi ya dakika 16,777,216, ikajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu ya zile tokeni za ziada watu walizoambiwa waingize kabla ya siku hiyo.) Kijisanduku cha ukutani kilijua kutofautisha jambo jipya na jambo lililorudiwa. Seva yangu haikujua. Hizi tatu mita ilizipokea kihalali kabisa, kwa sababu ni mimi niliyeomba tokeni tatu tofauti.

Jumamosi asubuhi nikaenda Tandika. Mama akanifungulia kaunta buku lake. Kila mstari una namba, jina, mita, kiasi, na mwishoni tiki. "Naandika kwanza, ndiyo nashika simu," akasema. "Chaji ikiisha katikati, nikirudi nakuta mstari hauna tiki. Hapo siuzi tena. Nauliza kwanza kama ile ilikwenda." Chuoni nilikuwa nimefaulu mtihani wa hifadhidata, ambamo jambo hilihili lilikuwa na sura nzima: andika kwenye daftari kabla hujagusa data. Sikuwa nimelihusisha na kazi yangu hata kidogo.

Nilitumia wiki kulirekebisha. Namba ya muamala ikawa inatengenezwa dukani kwa wakala, mara moja tu, na ombi likirudiwa linakwenda na namba ileile. Kwetu, namba ambayo haijapata jibu inaulizwa hali yake kabla ya kuombwa upya. Kwenye jedwali iliongezeka safu moja, yenye sharti kwamba namba isijirudie. Bosi akauliza, wiki nzima kwa safu moja?

Lakini kwenye kikao cha mwezi alinisimamisha, nikapigiwa makofi kwa kukesha usiku ule. Nilizima moto niliouwasha mwenyewe. Mwenzangu wa upande wa malipo ya mawakala, ambaye mfumo wake haukuwahi kumwamsha mtu, alikaa pale nyuma akipiga makofi na wengine. Nimefanya kazi sehemu tatu tangu hapo na makofi bado yanaelekezwa kulekule.

Siku ile ya Tandika nilimrudishia mama 40,000 yake palepale, kwa simu yangu. Tukasubiri meseji. Haikuja. Kidole changu kikarudi kwenye kitufe cha kutuma.

"We mwanangu," akasema, bila kuinua macho kwenye daftari, "hebu angalia salio kwanza."