Tone linaloelea kama rezoneta ya mwanga: kwa nini milimita moja ni kubwa mno

Nataka tone linaloelea hewani lizungushe mwanga kando ya ukingo wake, liwe rezoneta, yaani chombo kinachodumisha mwanga wa urefu fulani wa wimbi tu. Tone linashikiliwa na mawimbi ya sauti, na upande huo umetulia. Kwa 40 kHz wimbi hewani lina urefu wa mm 8.6 hivi, kwa hiyo sehemu za kushikia tone zimeachana mm 4.3. Tone la glisarini la mm 1 linakaa vizuri. Linanaswa kwa volti 12, kisha zinateremshwa nusu volti kwa nusu volti mpaka tone lianze kuyumba, halafu inarudishwa nusu volti moja. Usiruke hatua hii: volti zikizidi, sauti hulibana tone juu na chini likawa kama kidonge, na njia za mwanga hazilingani tena.

Ndani ya tone kuna rodamini 6G, rangi inayong'aa ikipigwa leza, mg 5 kwa ml 100, iliyoyeyushwa kwanza kwa matone machache ya ethanoli. Rangi ikizidi humeza mwanga wake yenyewe. Leza ya nm 532 ikigusa ukingo, pete ya rangi ya machungwa inawaka kuzunguka tone. Inapendeza mno! (Miwani ya kuzuia nm 532 ni lazima, tone hutawanya leza kila upande.)

Lakini spektromita, kifaa kinachopima mwanga kwa kila urefu wa wimbi, inaonyesha kilima kimoja laini, hakuna meno, yaani vilele vyembamba vya mwanga unaodumu ndani ya tone. Hesabu inaeleza sababu. Mwanga unaodumu ni ule ambao mzingo wa tone unabeba idadi kamili ya mawimbi yake, na nafasi kati ya jino na jino ni λ²/(2πrn). Kwa λ (urefu wa wimbi) ya nm 600, r (nusukipenyo) ya mm 0.5 na n (kiwango cha glisarini kupinda mwanga) ya 1.47, inatoka nm 0.08. Kifaa changu hutenganisha nm 0.5. Nusukipenyo cha mikromita 10 kingetoa nm 3.9, meno ya kuhesabika.

Tone dogo hivyo sauti hailiwezi vizuri: nguvu ya kuinua hupungua kwa ujazo, ilhali upepo unaozalishwa na sauti yenyewe hulisukuma kwa kadiri ya kipenyo tu. Ashkin na Dziedzic, mwaka 1977, waliinua matone ya mafuta ya silikoni kwa leza wakayaona meno hayo. Mimi nahamia mtego wa umeme: pete yenye volti kubwa za 50 Hz, kinzani cha MΩ 10 kwenye waya, na tone linalochajiwa likitoka sindanoni.

Kisanduku kitafungwa kabisa. Glisarini hunyonya unyevu ikavimba, na kwa tone hilo dogo badiliko la nm 65 tu la nusukipenyo husogeza meno nafasi nzima.