Nilivyojua kitinasi ipi ni ya mnyanya na ipi ni ya kuvu

Kila niliyemuuliza nitajuaje kama mnyanya unapambana na kuvu alinijibu vilevile: saga mzizi, pima kitinasi, ikipanda ujue mmea unajitetea. Nikiukumbuka ushauri huo hadi leo nachemka.

Ni kweli mmea hutoa kitinasi, kimeng'enya cha kuvunja kitini, inayoupa ukuta wa seli za kuvu uimara. Wasichoniambia ni kwamba kuvu nayo ina kitinasi zake, inazozitumia nyuzi zake zinapokua. Ukisaga mzizi wa mnyanya wenye mnyauko unaoletwa na kuvu Fusarium oxysporum, unasoma namba moja iliyojumlisha jeshi na adui. Namba zangu zilipanda vizuri ajabu, na mimea ikanyauka vilevile!

Jeli ya kutenganisha protini kwa umeme ndiyo iliyoniokoa. Ndani yake unatia glaikoli kitini, yaani kitini inayoyeyuka majini (ghali kuinunua, kwa hiyo niliitengeneza mwenyewe kwa glaikoli kitosani na anhidridi ya asetiki), unapitisha sampuli, halafu unaipaka Calcofluor, rangi inayoshika kitini. Chini ya mwanga wa urujuanimno jeli yote inang'aa, isipokuwa pale kitinasi ilipokula kitini. Hapo pana mstari mweusi. Pembeni weka kuvu iliyokuzwa peke yake, utambue mistari yake.

Sasa njoo kwenye ujanja ninaojivunia. Nilichukua kitinasi za mnyanya usio na ugonjwa, nikazichanganya na maji yaliyochujwa kutoka kwenye kuvu, bila uzi hata mmoja. Mstari mmoja wa mmea ukashuka chini na kufifia. Protini ilikuwa imekatwa! Nikarudia nikiwa nimetia EDTA, inayovinyang'anya vimeng'enya madini vinayoyategemea: ukataji ukapungua. PMSF, inayozima vikata-protini vya aina ya serini, nayo ikaupunguza. Zilipoingia zote mbili, mstari ukabaki palepale. Nilicheka peke yangu gizani, ingawa watafiti walishachapisha mwaka 2015 kwamba Fusarium hii hutumia vimeng'enya viwili vya aina hizo kwa pamoja, na kwamba hukata ile sehemu ya kitinasi inayoshika kitini.

PMSF ni sumu, na ndani ya maji huharibika upesi. Iyeyushe kwenye alkoholi, uitie dakika ya mwisho. Na usisage mzizi mgonjwa bila dawa hizo mbili, la sivyo kuvu itaendelea kukata ndani ya kinu chako, nawe utadhani mmea haukutoa kitu.

Njia hii usiipeleke kwa kimelea kiitwacho Phytophthora. Hiyo si kuvu halisi. Ukuta wake ni glukani na selulosi zaidi, kwa hiyo shughulika na glukanasi, kimeng'enya kinachovunja glukani. Cladosporium fulvum, kuvu ya ukungu wa majani ya mnyanya, nayo haitegemei kukata: huifunika kitini yake kwa protini iitwayo Avr4, kitinasi ikose pa kushika. Kwenye jeli mistari ya mmea itaonekana mizima kabisa, huku jani limejaa ukungu.