Siku moja maishani mwangu: fundi wa aplikesheni, Nyegezi mpaka Mwaloni

Saa 9 usiku alamu inalia. Ni ya bando. La usiku ni nafuu kuliko la mchana, na Android Studio, programu ya kutengenezea aplikesheni, peke yake ni zaidi ya GB 1 kabla hujagusa makorokoro yake mengine. Mama mwenye nyumba akiona mwanga dirishani kwangu saa hizi huwaambia majirani kwamba nabeti. Nimeshaacha kumbishia. Saa 11 faili limekamilika, nalala.

Saa 4 asubuhi anakuja mwanafunzi wa chuo na laptopu ya mtumba, nimwekee Android Studio. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 8. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Ukitaka na emuleta, ile simu ya kuigiza inayokaa ndani ya kompyuta, waliotengeneza programu wenyewe wanataka angalau 16. Namwambia emuleta aisahau, kazi zake atazijaribia kwenye simu yake kwa waya. Kisha inaanza kazi ya Gradle. Gradle ni mpishi: inachukua kodi, yaani maandishi ya programu, na maktaba za kodi zilizoandikwa na wengine, inapika, inakupakulia faili la kusakinisha. Ila siku ya kwanza mpishi huyu hana hata chumvi jikoni, kila kitu anaagiza mtandaoni. Kijana kaniuliza mara sita, "Kaka, haijaganda hii?" Haijaganda. Nusu ya pesa kalipa, nusu "wiki ijayo".

Saa 7 mchana niko kwenye daladala kwenda Kirumba, laptopu mapajani.

Mteja wangu anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza. Madeni yake yanaishi kwenye daftari lililolowa mara mbili, kurasa zimeshikana kama chapati. Nimemtengenezea aplikesheni ndogo: jina, magunia, kiasi, tarehe. Leo ndiyo siku ya kuiweka kwenye simu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Fanya haraka, fuso linapakia."

Nikafungua mipangilio, nikaenda kwenye namba ya toleo la mfumo, nikaigonga mara saba. Ndivyo Android inavyofunguliwa mlango wa wasanidi, yaani watengenezaji wa aplikesheni. Nikaruhusu laptopu iingie kwa waya wa USB, nikabonyeza kitufe cha kijani kwenye laptopu, na baada ya dakika tatu aplikesheni ikafunguka kiganjani mwake. Akacheka, akawaita wenzake waje waone. Nikajiona fundi.

Kisha akataka kumlipa dereva. Akafungua aplikesheni ya benki yake. Ikagoma.

"Umeifanya nini simu yangu?"

Nilijua papo hapo. Baadhi ya aplikesheni za benki zikikuta mlango ule uko wazi hazifunguki, kwa usalama wa mwenye pesa. Lakini hebu wewe jaribu kumweleza hivyo mtu mwenye magunia arobaini juu ya fuso na dereva anayepiga honi. Nikamwambia, "Mama, nipe dakika mbili." Akashika simu kwa mikono miwili, hataki niiguse. "Pesa zangu zimo humu!" Mchukuzi mmoja akatua gunia lake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka majini, "Hao ndio matapeli wa mitandaoni hao." Watu wakasogea. Nilikuwa natoka jasho, magamba ya dagaa yamenigandia kwenye kibodi, na nilichohitaji ni kuzima swichi moja tu. Mwisho akaishika simu yeye, mimi nikaelekeza kwa kidole bila kugusa: hapo, shuka, hapo, zima. Haikufunguka. Tukaizima simu nzima tukaiwasha, sijui dakika ngapi, mimi nilihesabu honi. Ikafunguka. Akamlipa dereva bila kunitazama.

Aplikesheni yangu haikuwa imepotea, ilikuwa pale pale. Ila kosa ni langu: ningetengeneza faili la APK, lile la kusakinisha, tangu nyumbani nikamrushia kwa WhatsApp, akaliruhusu lisakinishwe, basi. Mlango wa wasanidi ni wa simu yangu mimi, si wa mteja. Nimeliandika hilo kwenye daftari langu kwa wino mwekundu.

Jioni sikumbuki nilikula saa ngapi. Huwa najifunza Kotlin usiku, lugha ya kuandikia aplikesheni. Mimi nilianza na lugha ya Java kwa masomo ya zamani, na Google walipoitangaza Kotlin rasmi kwa Android mwaka 2017, kisha 2019 wakaipa kipaumbele, ikabidi nianze kuvua upya. Leo nilisoma ukurasa mmoja mara nne.

Simu ikaita. Ni mama wa Mwaloni.

"Baba, hii kitu yako nzuri. Ila mtu akisema 'nitaleta Ijumaa', naandika wapi?"

Kweli, hakuna pa kuandika. Nikawasha laptopu, nikaongeza kisanduku kimoja: Ahadi. Gradle ikaanza kuzunguka.