Mchezo wetu «Lupango»: wiki ya sita

Leo nimefuta wimbo ulionichukua siku nne kuuandika. Sikulia, ila nusura.

Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: tunatayarisha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, hapa Katuba, Lubumbashi. Baba amefariki, watoto wanataka kuuza lupango, yaani kiwanja cha nyumbani kwao, mama hataki. Waigizaji saba, ngoma mbili, na ala moja ya nyuzi, karindula.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mama. Anawaambia wanawe hauzi, wanatoka, kisha anabaki peke yake kuimba beti tatu kwamba hauzi. Kijana wetu wa karindula ndiye aliyeuliza, akiniita yaya, yaani mkubwa wake: «Yaya, si ameshakataa? Sasa anaimba juu ya nini?»

Nikakosa jibu. Na nilikwisha kusoma namna watunzi wa Marekani, Rodgers na Hammerstein, walivyofanya kule Broadway, New York, mwaka 1943 katika mchezo wao wa nyimbo Oklahoma!: wimbo na dansi vinabeba hadithi, havikai pembeni kama pambo. Nilijua, mkono ukafanya yake. Sasa mama anaanza kuimba akiwa amekataa. Ubeti wa pili anahesabu madeni ya matanga. Wa tatu anaokota kalamu atie sahihi ya kuuza. Beti ni tatu vilevile, lakini aliyeanza kuimba siye anayemaliza.

Karindula nayo! Ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, na mvua za wiki hii zimeilegeza ngozi hadi inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Tukalisogeza pipa karibu na mbabula, jiko la makaa, tukaanza kupiga soga. Harufu ya nywele zinazoungua ndiyo iliyotushtua. Tundu la ukubwa wa kifuniko cha soda. Ngozi mpya imekula nauli zetu zote.

Kilichonifurahisha ni wimbo wa kuhesabu miti. Mwanzoni watoto wanauimba wakirukaruka uani: mwembe wa kwanza, mpapai wa pili, mparachichi wa tatu. Mwishoni mnunuzi anaingia na kamba ya kupimia, anapiga mluzi wimbo uleule, na kila mti anaoufikia anautia alama ya chokaa. Jana tulipojaribu, anayeigiza mama alisahau kwamba ni zamu yake kusema. Akabaki anaitazama chokaa.

Maneno niliyomwandikia hapo nayo nimeyafuta. Jumamosi tunapanga hatua za dansi, kama ngozi itakuwa imekauka.