Leza ya hewa, bajeti elfu tatu: mradi ulipofika mpaka sa hii

Novemba, wiki ya pili

Nimeamua natengeneza leza. Na simaanishi kile kitochi chekundu cha kuchezea paka kinachouzwa mia Mwembe Tayari hapa Mombasa, hicho umenunua, hukutengeneza. Nataka mwanga nilouzaa mwenyewe, na mfukoni nimetenga elfu tatu, zikiisha mradi unalala.

Mwanzo nilitamani ya rubi, lile jiwe jekundu, kwa sababu ndo iliyoanza duniani, Theodore Maiman aliiwasha tarehe 16 Mei 1960 kule California kwa kijiti cha rubi kilichozungukwa na taa ya flashi. Nikatafuta bei ya kijiti chenyewe, nikazima simu nikaenda kulala. Ya kaboni dayoksaidi nayo yataka mrija wa glasi, pampu ya kunyonya hewa, na vioo vya maana. Ikabaki ya nitrojeni, na hii bwana ndo leza ya mtu asokuwa na kitu, manake nitrojeni ni asilimia 78 ya hii hewa tunovuta bure. Haina mrija, haina pampu, na hata vioo yaweza kuishi bila, mwanga unakua sana kwa kupita mara moja tu. Kinachotoka hakionekani kwa macho, ni UV, mwanga ulopita zambarau, ya nanomita 337.

Shida yake ni haraka. Molekuli za nitrojeni zikishatoa mwanga zinaganda kwenye ngazi ya chini ya nishati, hazishuki zaidi mapema, kwa hivo leza inajiziba yenyewe, na kwenye hewa ya kawaida hivi muda ulio nao ni kama nanosekunde moja, sekunde ukiigawa mara bilioni. Ndani ya nanosekunde moja mwanga wenyewe, pamoja na sifa zake zote, umetembea sentimita 30, yaani rula ya shule. Umeme ukichelewa hapo umepata cheche nzuri na leza huna.

Novemba, mwisho

Umeme mkali nilianza kuutafuta kwa raketi ya mbu. Usicheke. Ile inatoa volti elfu moja na kitu, mbili ikijitahidi, mimi nataka kama elfu kumi. Nimeifungua, nimeifunga, imerudi kuua mbu.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa TV mtaa wa pili, kibanda chake kimejaa zile TV za zamani za mgongo mkubwa hakuna anayezifuata. Nikamwambia, "Mzee shikamoo, nataka flaibaki nzima," ile transfoma ya ndani ya TV inozaa umeme mkali. Akaniuliza ya nini, nikamwambia ya leza, akaniangalia kitambo. "Marahaba. Na mamako anajua?" Halafu akachukua bisibisi ndefu, akaifunga waya kwenye chuma cha nje cha kioo, akaipenyeza taratibu chini ya kile kikombe cha mpira juu ya bomba la picha. Mkono mmoja kauweka nyuma ya mgongo wakati wote. Ikalia TA! moja, na hiyo TV ilikuwa haijachomekwa tangu lini sijui. "Umeona? Hii imekufa, lakini yasubiri mtu." Kanikatia flaibaki na waya wake mwekundu mnene kwa mia tatu, na transista ya 2N3055, ile ya kuiwasha na kuizima flaibaki haraka haraka, kanipa bure na onyo juu yake.

Watu watakwambia tumia transfoma ya maikrowevu, rahisi zaidi. Ile inaua. Sikuigusa na haitaingia nyumbani kwetu.

Desemba

Nimeunda. Nieleze kidogo kwa sababu hapa ndo kuna utamu. Chini nimetandika foili ya jikoni moja kubwa, juu yake plastiki, na juu ya plastiki foili mbili zinatazamana kama nyumba mbili za Mji wa Kale na kichochoro katikati. Kichochoroni kila upande una chuma, vipande viwili vya aluminiamu vya pembe nilivyookota kwa fundi wa madirisha, sentimita 25 kila kimoja, nimevipiga msasa mpaka makali yakawa laini, pengo baina yao milimita moja na nusu. Foili mbili za juu zimeunganishwa na koili ya waya ili zijae umeme pamoja pole pole. Halafu kwenye foili moja kuna skrubu inoitazama ile ya chini, hapo ndo cheche inaruka volti zikitosha. Ikiruka, nyumba moja inashuka ghafla, ile nyingine bado haijapata habari kwa sababu koili haipitishi jambo la haraka, basi tofauti yote inaangukia kichochoroni kwa mpigo. Yote iko juu ya kibao cha mamangu cha kusukumia chapati. Nimekiazima. Anajua nusu.

Plastiki nimetumia zile kava ngumu nyeupe za baindingi kutoka saiba, shilingi kumi kumi. Moja ilitoboka dakika ya kwanza. Mbili zikatoboka usiku ule ule. Tobo lenyewe dogo kama la sindano, limezungukwa na weusi, na ukishalipata umeme wote unapita hapo hapo kila siku, hakuna kuziba na selotepu (nimejaribu, selotepu ndo ikashika moto). Tatu zikavumilia. Nimepiga hesabu, foili na plastiki zinahifadhi umeme kwa kipimo cha kama nanofaradi nne, yaani kwa volti elfu kumi ni nishati ya juli 0.2. Kidogo, ila inakurusha. Siku moja nimeimwaga umeme vizuri kwa waya, nikaenda kunywa chai, narudi nagusa foili ikaniuma. Kumbe plastiki inabakisha umeme ndani yake halafu inautoa tena polepole! Sa hii nikimaliza naacha waya umezibana juu na chini mpaka kesho yake.

Desemba, katikati, hasira

Cheche ninazo. Leza sina. Wiki mbili.

Kila nikiwasha naskia inatatarika kama samaki kwenye mafuta, na skrubu inaruka kwa kubahatisha au hairuki kabisa. Nikazima taa nikae gizani niangalie, ndo nikaona: ukingo wote wa foili unawaka zambarau hafifu, vijimizizi vinatambaa juu ya plastiki kutoka foili ya juu kwenda kuitafuta ya chini. Umeme unavuja kabla haujajaa. Nikapitisha kidole kwenye plastiki (imeshamwagwa umeme, tulia) nikaweka ulimini. Chumvi. Tunakaa Kibokoni, bahari iko hapo, dirisha liko wazi mwaka mzima, na mvua za vuli hazijaisha vizuri. Wale wanaotengeneza hivi vitu kwenye video wako kwenye nchi zenye hewa kavu, hakuna hata mmoja alonambia kitu kuhusu kufuta chumvi. Hewa ile ile inonipa gesi bure ndo inonimalizia umeme, na hapo risiti hakuna.

Basi nikaanza upya. Foili nimezikata ndogo ili plastiki ibaki sentimita tano pande zote, pembe nimezifanya mviringo kwa kufuatisha kifuniko cha chupa, plastiki nimeifuta kwa spiriti, nikaikausha na blo draya ya dada yangu, ya saluni, ambayo nayo nimeazima kwa mtindo ule ule wa kibao.

Januari, kaskazi

Kuvuja kumepungua sana. Sa hii tatizo ni kichochoro. Cheche zinakusanyika upande mmoja, nene nyeupe, na hiyo yamaanisha hapo vyuma vimekaribiana kuliko kwingine. Kinachotakiwa ni kama pazia jembamba la zambarau urefu wote. Nimekaa siku nne navigonga vyuma kwa mpini wa mswaki wa plastiki, kidogo, nazima, namwaga, nagonga, nawasha. Unywele mmoja tu ukizidi pazia linahama.

Na miwani. Nimenunua ile nyeupe ya kazi ya polikaboneti, mia mbili na hamsini, inazuia hii UV japo kwa macho yaonekana kama kioo tu. Ukikosa pesa ya miwani subiri mwezi mwingine, usiunde. Dirisha nafungua pia, manake baada ya dakika tano chumba kinanuka kama fotokopi imefanya kazi siku nzima, ile ni ozoni.

Januari 27, saa nane za usiku

NIMEIPATA.

Nilikuwa nimeweka karatasi niloipaka hailaita ya kijani, inong'aa ikipigwa na UV, mwisho wa kichochoro, pazia likatulia, na kwenye karatasi kikatokea kijistari kinang'aa, kidogo kama punje ya mchele, kinapiga tak tak tak pamoja na cheche. Sikuamini. Cheche yenyewe inatoa mwanga pande zote, pengine ni huo tu. Nikairudisha karatasi nyuma mita moja, kijistari kikatanuka kidogo tu na bado kipo. Mita mbili, kipo. Nikaweka karatasi ubavuni, karibu zaidi, hakuna kitu. Nikaweka miwani ya akiba njiani, kikatoweka, na miwani yenyewe yapitisha mwanga wa kawaida bila wasiwasi.

Halafu nikatoa karatasi kabisa, mlangoni kulikuwa kumetundikwa kanzu yangu ya Ijumaa imefuliwa juzi. Ile dawa ya kung'arisha nguo iliomo kwenye sabuni ya unga inapokea UV na kurudisha bluu. Kanzu nyeupe gizani, na kifuani inapigapiga doa la bluu. Nimesimama hapo nikaitazama mpaka flaibaki ikaanza kupata moto.

Nimetumia elfu mbili mia nane na themanini, tatu ya hizo kava ziko kwenye pipa la taka.

Inofuata nataka kuielekeza kwenye maji ya hailaita kwa lenzi, nione kama rangi yenyewe itatoa leza yake ya kijani. Lenzi ya kawaida inakula kiasi cha UV kwa hivo sijui nitaipatia wapi ya kwarzi kwa mia na ishirini zilobaki. Halafu mamangu asubuhi kauliza, "Kibao changu ki wapi, mwanangu, wiki ya ngapi hii nasukuma chapati juu ya meza." Nimemwambia kesho. Kimeungua pembeni kidogo, naenda kukipiga msasa.